Kaka yangu anasema mawe ya Wayahudi hayanihusu. Nimjibu nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, natoka Tanga, huu ni mwaka wangu wa tatu Berlin. Wenzangu wa wodini wamenialika tarehe 9 Novemba twende kusafisha yale mawe ya shaba yenye majina ya Wayahudi walioteswa na kuuawa na Wanazi, yaliyo kwenye njia za waenda kwa miguu. Nilipomwambia kaka yangu akaja juu: "Hao ni wazungu, tena wenye pesa. Wewe ukiitwa nyani kwenye treni, nani anakuja kukufuta machozi?" Halafu akanitumia video inayosema biashara ya utumwa ilikuwa ya Wayahudi, akaniuliza kama nimesahau Gaza. Nilikosa la kusema. Kweli kupinga chuki dhidi ya Wayahudi na kupinga ubaguzi dhidi yetu weusi ni jambo moja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana, si jambo moja. Wewe huwezi kuiacha ngozi yako nyumbani unapokwenda kupanda treni. Myahudi wa Berlin akivua kile kikofia chake, mara nyingi atapita bila mtu kugeuka. Lakini naye ana hofu ambayo wewe hujawahi kulala nayo: kwamba jirani anayemsalimia kila asubuhi anaamini moyoni kuwa yeye na ndugu zake ndio wanaoendesha benki, magazeti na vita vya dunia. Wewe unadharauliwa, yeye anashukiwa. Ni magonjwa mawili. Ila yamekaa katika mwili mmoja kwa karne nyingi, yanalishana, na sijaona popote mtu aliyeuponya ugonjwa mmoja huku anaufuga mwingine.

Tuanzie huko huko uliko. Shuka kituo cha Rosenthaler Platz, panda kidogo na Brunnenstraße hadi namba 193. Chini pale kuna jiwe lenye bamba la shaba, sentimita 10 kwa 10, sawasawa na hayo mliyopanga kuyasafisha. Wajerumani wanayaita mawe ya kujikwaa. Msanii Gunter Demnig alianza kuyaweka miaka ya 1990, na kufikia 2023 yalishapita 100,000 Ulaya nzima. Mengi yana majina ya Kiyahudi. Hilo la namba 193 limeandikwa Mahjub bin Adam Mohamed.

Mara ya kwanza nilipolisoma nilichuchumaa nikalisoma tena, maana jina hilo ningelikuta Kariakoo nisingegeuza shingo.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa Mjerumani. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza alikuwa na miaka kumi tu, akaingia jeshini na baba yake. Mwaka 1917 akajeruhiwa Mahiwa, huko Lindi. Baada ya vita akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe ambao haukuwahi kulipwa. Serikali ikakataa dai lake. Akabaki huko, akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akawa mhudumu katika jumba kubwa la starehe, akaigiza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wajerumani waliokuwa wakiota kurudi Tanganyika walijifunza lugha yetu kinywani mwake. Januari 1933, mwezi ule ule Hitler alipokabidhiwa serikali, akamwoa mwanamke wa kizungu. Akaomba nishani ya askari waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakusimamishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Angalia sasa kilichomnasa. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935, zilizokataza Mjerumani kuoana au kulala na Myahudi, ziliandikwa dhidi ya Wayahudi. Ukizisoma, Wayahudi ndio waliotajwa. Mweusi hayumo. Lakini mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, wizara ya mambo ya ndani ikatoa waraka wa ufafanuzi: na Waroma, wale walioitwa majipsi, wamo, na weusi wamo, na watoto wao pia. Mstari mmoja wa karani ulitosha. Chombo kilikuwa kimeshatengenezwa kwa ajili ya Wayahudi, kimeshazoeleka, watu wameshakipigia makofi. Kumwingiza Mahjub hakukuhitaji hata mjadala.

Watu wakiulizwa swali kama lako hukimbilia kusema mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Naipenda methali hiyo, ila hapa inapotosha kidogo, kwa kuwa inadhani kuna zamu: leo yeye, kesho mimi. Kwa Mahjub hapakuwa na zamu. Tena wembe wenyewe ulikuwa umeshajaribiwa nyumbani kwao, Afrika.

Maana amri za kupiga marufuku ndoa za mzungu na mweusi hazikuanzia Nuremberg. Wajerumani walizitoa katika koloni lao la Namibia mwaka 1905, na katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1906. Serikali iliyotoa amri hiyo ya pili ilikaa Dar es Salaam, na Mahjub alikuwa mtoto wa miaka miwili katika mji huo huo. Amri iliondoka bandarini kabla yake, ikakomaa Ulaya kwenye miili ya Wayahudi, ikamkuta Berlin akiwa mtu mzima.

Wapo hata watu waliosafiri nayo njia nzima. Profesa Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, Namibia, mwaka 1908, wakati mauaji ya Wajerumani ya kuwamaliza wenyeji wa huko, Waherero na Wanama, ndiyo kwanza yanakwisha. Huko akapima pua, nywele na macho ya watu waliozaliwa na Makaburu na Wakhoikhoi. Mwaka 1913 akachapisha kitabu kudai kwamba damu ya Mwafrika inaishusha hadhi ya mzungu. Mwaka 1927 akapewa uongozi wa taasisi kubwa ya utafiti wa mbari huko Berlin. Wataalamu wa taasisi hiyo ndio walioandika vyeti vya kuamua nani Myahudi na nani si Myahudi. Na mwaka 1937 watoto mamia kadhaa wa eneo la mto Rhine, ambao mama zao walikuwa Wajerumani na baba zao askari wa jeshi la Ufaransa, wengi wao Waafrika, walihasiwa kwa siri, na wataalamu wa aina ya Fischer wakishauri. Kipimo cha Rehoboth ndicho kilichotumika kwa wote.

Sisemi chuki dhidi ya Wayahudi ilizaliwa Afrika. Ni ya kale mno. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290, Hispania mwaka 1492. Na mara nyingine safari ilikwenda kinyume. Mwaka 1449 mji wa Toledo ulitunga kanuni ya "usafi wa damu" ili Wayahudi waliobatizwa wasishike vyeo, hata kama babu zao ndio waliobatizwa. Wahispania walipovuka bahari kwenda Amerika walikwenda na wazo hilo la damu, wakalitumia kuwapanga madaraja weusi, wenyeji na machotara. Kwa hiyo ukiniuliza ipi ni mama na ipi ni binti, nakujibu kwamba kwa miaka mia tano zimekuwa zikiazimana nguo.

Nije kwenye video ya kaka yako. Hiyo imenisumbua kuliko mengine yote, kwa sababu inatumia msiba wetu kama chambo. Wapo Wayahudi waliofanya biashara ya watumwa na kumiliki mashamba, hasa Suriname na Curaçao, makoloni ya Waholanzi huko Amerika. Historia hiyo ipo, isifichwe. Lakini walikuwa sehemu ndogo ya biashara kubwa mno. Wenye biashara walikuwa wafalme wa Ureno, wafanyabiashara wa Liverpool na Nantes, na kampuni ya kifalme ya Uingereza ya Afrika, ambayo mkuu wake alikuwa mtawala wa York, ndugu wa mfalme, na baadaye mfalme mwenyewe. Watumwa wa kampuni hiyo walichomwa chapa ya herufi DY, ufupisho wa cheo chake. Na kwetu pwani? Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Kabla ya hapo lililishwa na masultani wenye asili ya Oman, watoa mikopo wa Kihindi, na wafanyabiashara wa pwani kama Tippu Tip. Ukimwachia "Myahudi" mzigo huu wote, hao wote wanatoka nje ya mahakama mikono misafi, na mtoto wa Bagamoyo anakua bila kujua kilichompata babu yake.

Hadithi ya video hiyo si mpya. Baba yake ni kitabu cha uongo kilichotungwa Urusi na kuchapishwa gazetini mwaka 1903, kikidai kuwa wazee wa Kiyahudi wanakutana kwa siri kupanga kuitawala dunia. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London lilionyesha, ukurasa kwa ukurasa, kwamba kilinakiliwa kutoka maandishi ya zamani ya Kifaransa yaliyomkejeli Napoleon III, wala hayakuwa na Wayahudi ndani yake. Kikaendelea kusomwa hivyo hivyo. Leo kinasomwa kwa sauti ya mtu, muziki wa huzuni chini yake, halafu kinaingia WhatsApp.

Mwambie kaka yako kwamba hadithi ya mkono uliofichika inamtukana yeye kwanza. Miaka ya 1950, weusi wa kusini mwa Marekani walipogoma kupanda mabasi na kudai shule, wabaguzi walipata tabu kueleza jambo hilo. Walikuwa wameapa kwamba mweusi ni mjinga na ameridhika. Sasa amejipanga, anachanga fedha, anashinda kesi mahakamani. Kukubali kwamba ana akili kungeubomoa ubaguzi wote. Basi wakapata jibu: nyuma yake yupo Myahudi. Tarehe 12 Oktoba 1958 sinagogi kubwa la Atlanta likalipuliwa kwa baruti; rabi wake, Jacob Rothschild, alikuwa akihubiri waziwazi dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mlipuko ulipiga ukuta wa Wayahudi, lakini hoja iliyouwasha ilikuwa kwamba mtu mweusi hawezi kuamka mwenyewe.

Hoja hiyo haijafa. Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliua Wayahudi 11 wakiwa katika ibada Pittsburgh. Kabla ya kwenda alikuwa ameandika hasira zake dhidi ya HIAS, shirika la Kiyahudi la kusaidia wakimbizi, ambalo limefanya kazi hata Nairobi na Kampala. Kosa la wale wazee, machoni pake, lilikuwa kuwaingiza nchini watu kama sisi. Siku tatu tu kabla yake mtu mwingine huko Kentucky alijaribu kuingia kanisa la weusi, akakuta mlango umefungwa, akaenda dukani jirani akaua weusi wawili. Mei 2022 mwingine akaenda dukani Buffalo kuua weusi, akaua watu 10. Maandishi aliyoyaacha yalikuwa yamejaa chuki dhidi ya Wayahudi, eti ndio wanaopanga wazungu wabadilishwe na watu wengine. Bunduki yake ililenga weusi, na sababu aliyoitaja ilikuwa Wayahudi.

Daktari Frantz Fanon wa Martinique aliandika mwaka 1952 kwamba mwalimu wake wa falsafa, mtu wa visiwa vile vile, alimuusia hivi: ukisikia Wayahudi wanasemwa vibaya, tega sikio, unasemwa wewe. Mwanzoni Fanon alidhani mwalimu anamfundisha utu tu, kwamba maumivu ya mwenzio ni yako. Baadaye akaelewa kwamba alikuwa anampa habari: mwenye kuwachukia wale, hana budi kukuchukia na wewe. Nadhani tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji. Hakuna anayekuomba huruma, unapewa taarifa. Hendrik Verwoerd, yule aliyeisimika apartheid Afrika Kusini, alipokuwa profesa mwaka 1936 alijiunga na wenzake kupinga wakimbizi wa Kiyahudi waliokuja na meli kutoka Ujerumani. Mtu mweusi wa Cape Town aliyesikiliza vizuri mwaka ule angejua mapema anakuja nani.

Hata hivyo kaka yako ana hoja ambayo sitaipita juu juu. Anauliza, nani anakuja kukufuta machozi? Kuna Wayahudi ambao, walipopokewa kuwa weupe, waliufunga mlango nyuma yao. William Levitt, mjenzi wa Kiyahudi, alijenga vitongoji vya maelfu ya nyumba Marekani baada ya vita na akakataa kuwauzia weusi. Mwendesha mashtaka aliyemshtaki Mandela kwenye kesi ya Rivonia, Percy Yutar, alikuwa Myahudi. Mwaka 1996 ilifichuka kwamba Israel ilikuwa ikimwaga damu iliyotolewa na Wayahudi wa Ethiopia. Watu walijipanga kuchangia damu kwa nia njema, chupa zao zikatupwa. Hao ni Wayahudi na ni weusi, kama walivyo Abayudaya wa Mbale, Uganda, ambao Idi Amin aliwapiga marufuku kuabudu. Kwa watu hao swali lako halina pande mbili kabisa.

Lakini kwenye kizimba cha Rivonia, pamoja na Mandela, alikaa Denis Goldberg, Myahudi, naye akafungwa maisha mwaka 1964. Mississippi, Juni mwaka huo huo, vijana watatu waliokuwa wakiandikisha weusi wapige kura waliuawa usiku mmoja na kufukiwa kwenye tuta la bwawa: James Chaney, mweusi wa huko huko, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, Wayahudi kutoka New York. Walikaa chini ya udongo siku 44. Sikuhesabii haya ili pande zitoke sare. Nataka tu uone kwamba kujua maumivu hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kila mmoja ilimbidi aamue. Rabi Joachim Prinz alikuwa mhubiri Berlin, mji uliopo, hadi Wanazi walipomfukuza mwaka 1937. Tarehe 28 Agosti 1963 alipanda jukwaani Washington, muda mfupi kabla ya Martin Luther King, akauambia umati kwamba chini ya Hitler alijifunza kuwa tatizo kubwa kuliko yote si chuki. Ni ukimya. Alikuwa anawazungumzia Wamarekani weupe, wakiwemo waumini wake.

Gaza. Simlaumu kaka yako kuitaja, mtu asiyeumia akiona watoto wanafukuliwa kwenye vifusi ana kasoro. Serikali ya Israel ni serikali; ilaumu, iandamanie, kama unavyoweza kuilaumu yoyote. Mauaji ya Hamas ya 7 Oktoba 2023 nayo ni mauaji. Ila ajuza wa Kiyahudi anayesukuma kigari chake cha sokoni hapo Berlin si waziri wa vita. Ukimdai yeye hesabu ya Gaza, utakuwa umefanya kile unachofanyiwa wewe pale mgonjwa anapokuuliza kwa nini "ninyi Waafrika" mnauana Kongo. Na majina yaliyo kwenye mawe ni ya watu walioteswa kabla nchi hiyo haijaundwa mwaka 1948.

Kwa hiyo nenda. Na usiende kama mgeni aliyekaribishwa msibani kwa watu. Waambie wenzako wa wodini, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, yanayokupata kwenye treni, na uwaalike siku nyingine mtaa wa Waafrika kule Wedding, hapo hapo Berlin. Kulikuwa na barabara pale yenye jina la Karl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mahjub wetu aliigizishwa katika filamu ya kumtukuza mtu huyo, iliyotoka mwaka ule ule wa kukamatwa kwake. Tangu Agosti 2024 kipande cha barabara hiyo kinaitwa Maji-Maji-Allee. Walioidai miaka mingi ni Waafrika wa Berlin na majirani zao. Waone na hilo.

Tarehe 9 chukua kitambaa laini na dawa ya kung'arishia shaba. Usitumie brashi ya chuma, itachubua herufi. Shaba ikikaa nje hugeuka kahawia, karibu nyeusi, kwanza hutasoma kitu. Sugua kwa duara, taratibu, piga magoti kabisa maana kuinama kutakuumiza mgongo na zamu ya usiku inakungoja. Baada ya dakika mbili tatu mwaka wa kuzaliwa utaanza kuonekana, kisha jina. Anza na namba 193. Likishang'aa, piga picha umtumie kaka yako.